Hodi ya Ukutani

12 Tanner Row,
Harrowclough.
12 Januari 2004

Kwa Afisa wa Tabia za Kero,
Idara ya Nyumba, Halmashauri ya Mji.

Bwana,

Mimi ni mwenye nyumba. Naanza na hilo usije ukanichanganya na wapangaji wenu. Nyumba hii nimeinunua kwa jasho langu baada ya kustaafu ukaguzi wa tiketi za treni, nikahama kutoka kusini kuja huku kwa kuwa niliambiwa watu wa kaskazini ni wakarimu. Nimeweka mlango mpya wa mbao ngumu na kigongeo cha shaba ninachokisugua kila Jumamosi. Pembeni yangu, namba 14, mmemweka Bibi Winifred Hoyle. Mlikuwa mnafikiria nini, mnajua wenyewe.

Bibi huyu anagonga ukuta kila asubuhi. Mimi naamka, nawasha moto, navuta kiko changu, nakikung'uta kwenye matofali ya meko pigo moja tu, kama afanyavyo mtu mstaarabu. Hapo hapo, kabla sijakaa, naye anaanza: pa, pa, pa! Mapigo matatu, kwa chuma. Picha zangu zinatikisika. Ananivizia nianze kustarehe ndipo anianzie. Hiyo si bahati mbaya, ni inda.

Bustanini ana sanamu za vibwengo vya saruji, kimoja hakina kichwa. Sisemi zaidi.

Naomba aonywe, na asiposikia, aondolewe.

Lionel Peverell


Kitengo cha Tabia za Kero,
Halmashauri ya Mji wa Harrowclough.
21 Januari 2004

YAH: KUGONGA UKUTA, NAMBA 14

Bwana Peverell,

Asante kwa barua yako. Kitengo chetu kipya hakivumilii kero hata chembe, kama linavyosema bango letu pale kituo cha basi.

Jina lako litabaki siri. Hatutalitaja kwa mtuhumiwa kwa hali yoyote. Wiki ijayo fundi wetu atakuletea mashine ya kunasa sauti, uiweke karibu na ukuta. Tafadhali usiifunike kwa kitambaa cha mezani. Mlalamikaji aliyekutangulia aliifunika ili ifanane na fanicha zake, tukanasa kitambaa.

Kuhusu kibwengo kisicho na kichwa, hilo ni suala la Idara ya Bustani.

D. Pilling
Afisa wa Tabia za Kero


14 Tanner Row.
1 Februari 2004

Dada Ivy,

Mimi mzima, isipokuwa magoti, ambayo siku hizi yana mambo yao. Huko Morecambe upepo vipi, bado haujakubeba?

Nikupe umbea. Yule bwana aliyenunua nyumba ya marehemu Nellie ana pua juu hujapata kuona. Ukimsalimia getini anakutazama kama umemwomba hela. Kila Jumamosi yuko nje anakisugua kile kigongeo chake cha shaba, na sijaona hata mtu mmoja akikigonga. Nikasema moyoni, haya, Nellie amekufa na hodi yake amekufa nayo.

Ivy, weee! Asubuhi yake ya pili tu mtaani, nikiwa kitandani, nasikia kwenye meko: pa! Pigo moja. Vile vile kama Nellie. Nilikaa nikalia kama mtoto. Kumbe kuna mtu kamwambia, au amelelewa na watu wetu huko alikotoka. Basi nikajikokota, nikachukua chuma cha kuchokolea makaa, nikamjibu matatu: mzima. Tangu siku hiyo hajaniruka hata asubuhi moja. Mchana ananiona takataka, asubuhi anataka kujua kama niko hai. Wanaume!

Halafu kuna kijana wa halmashauri, Pilling, kaja na viatu vya ncha kali. Eti nyumba ni kubwa kwa mtu mmoja, nihamie Fernbank, kwenye yale maghorofa ya wazee, ghorofa ya tatu, kuna lifti. Nikamwambia humu niliingia bi arusi na Harold wangu amefia humu, na huko Fernbank nani atanigongea? Akaniangalia kama kichaa. Mimi humu natoka na jeneza, si na lifti.

Winnie


Morecambe.
6 Februari 2004

Winnie mdogo wangu,

Wewe tangu zamani, mwanamume akikubebea ndoo ya makaa tu, unaanza kushona mapazia ya nyumba yenu. Mtu anayekupita getini bila salamu halafu anakugongea ukutani, mimi simwelewi. Mama alikuwa anagonga, ndiyo, lakini Mama alikuwa anakuja pia na supu.

Hebu mjaribu. Mpelekee keki ya tangawizi. Akirudisha sahani na shukrani, ni mtu. Akirudisha sahani peke yake, ni mtu wa kusini.

Na huyo kijana wa viatu, usitie sahihi kitu. Walivyomtoa rafiki yangu Edith kwake walianza hivi hivi, na lifti.

Ivy


12 Tanner Row.
16 Februari 2004

Bwana Pilling,

Mashine yenu imekaa ukutani wiki nzima na sikuifunika. Nadhani mmesikia wenyewe.

Sasa amepiga hatua nyingine. Jana nimekuta kwenye kizingiti changu kitu cheusi kinachonata, kimefungwa kwa kitambaa, bila maelezo. Kinanuka tangawizi. Sijui alitaka kunialikia panya au kunitia sumu. Nimekitia kwenye pipa la taka, pamoja na sahani yake.

Watu hawa ukiwapa nyumba ya bure wanakosa kazi ya kufanya.

L. Peverell


Kitengo cha Tabia za Kero.
24 Februari 2004

Bwana Peverell,

Matokeo ni mazuri sana. Mashine imenasa mapigo matatu kila asubuhi, ya chuma, yenye nguvu ya kutosha kuitwa kero. Kila mara kuna pigo moja linalotangulia, lakini hilo linatoka upande wako. Kwa kuwa hukulilalamikia, hatukulihesabu.

Mtuhumiwa anapewa onyo leo.

D. Pilling


Kitengo cha Tabia za Kero.
24 Februari 2004

YAH: ONYO LA KWANZA NA LA MWISHO

Bibi Hoyle,

Tumepokea malalamiko kutoka kwa jirani, ambaye hatumtaji, kwamba unagonga ukuta kila asubuhi kwa chuma. Ushahidi wa mashine umethibitisha.

Kuanzia leo usigonge ukuta kwa sababu yoyote. Ukigonga tena, tutakwenda mahakamani kuomba urudishe nyumba. Tunapenda pia kukukumbusha kwamba nafasi ya Fernbank bado ipo, na kwamba wapangaji wa huko wanaisifu sana lifti.

D. Pilling


14 Tanner Row.
27 Februari 2004

Wewe Pilling,

Nina umri wa kumzaa mama yako, kwa hiyo nisikilize. Najua ni nani aliyenishtaki. Ni hao Bottomley wa namba 16 wenye mbwa asiyenyamaza. Ukuta wa upande wao sijaugusa tangu Harold alipotundika saa. Mwulize hata huyo mbwa.

Ninachogonga ni upande wa Bwana Peverell, na simwanzi mimi, ananianza yeye. Kila asubuhi ananipigia hodi, pigo moja, kuuliza nimeamkaje. Nami namjibu matatu, kwamba mzima. Nikigonga mfululizo maana yake nimeanguka, aje. Mtaani kwetu tumeishi hivyo tangu enzi za viwanda vya pamba, kabla babako hajajua kufunga kamba za hivyo viatu mnavyorithishana. Nenda kamwulize Bwana Peverell. Ni mtu wa maringo, lakini ni mtu. Atanitetea.

Mashine! Mmetumia mashine kusikia mwanamke mzee akisema yuko hai.

Winifred Hoyle


14 Tanner Row.
14 Machi 2004

Dada Ivy,

Nimeacha kugonga. Kijana amejibu kwa mistari miwili: hawezi kuthibitisha wala kukanusha mlalamikaji ni nani, na onyo liko pale pale. Sikulala nikiwaza wananitoa mbele ya akina Bottomley, na kitanda changu kwenye mvua.

Lakini hilo silo linaloniuma. Asubuhi ya kwanza Bwana Peverell alipogonga, nilishika chuma, nikaikumbuka ile karatasi, nikakirudisha. Nikavaa gauni la bluu. Nikateleka birika na kutoa vikombe vizuri, maana nilijua yuaja. Nellie angekuwa ameshavunja dirisha la jikoni na kuingia na gauni la kulalia.

Hakuja. Kesho yake akagonga, nikavaa tena. Hakuja. Ivy, leo ni wiki mbili namsikia anagonga, anasikia kimya, halafu nasikia redio yake. Mtu anakuuliza kama uko hai, humjibu, anakwenda kunywa chai!

Nimeacha kuvaa. Siku nyingine siamki mpaka mchana. Kama ndivyo, basi Fernbank na hapa ni mamoja, na kule angalau magoti yatapanda lifti. Nimemwambia Pilling nakubali. Natia sahihi Ijumaa ya wiki ijayo. Usinigombeze.

Winnie


12 Tanner Row.
15 Machi 2004

Bwana Pilling,

Kero imekwisha. Nakupongezeni, ingawa kazi hii mngeweza kuifanya mapema zaidi.

Nina jambo dogo. Kimya ndicho nilichoomba, kwa hiyo silalamiki, lakini kimya hiki kimezidi. Hata mlango wa nyuma siusikii. Mapazia yake yanafunguliwa mchana. Jana nilikung'uta kiko, nikajikuta nangoja, sijui nangoja nini. Nikakung'uta tena ingawa hakikuwa na majivu.

Naomba mtume mtu akamwangalie. Nauliza kama mwenye nyumba ambaye ukuta wake unagusana na wenu, si kwa sababu nyingine. Mimi mwenyewe siwezi kwenda, hatujatambulishwa.

L. Peverell


Kitengo cha Tabia za Kero.
22 Machi 2004

Bwana Peverell,

Kuangalia watu si kazi ya kitengo hiki. Ombi kama hilo lipelekwe Idara ya Ustawi, ambayo hupokea barua siku za Jumanne.

Hata hivyo usiwe na wasiwasi. Bibi Hoyle ni mzima na amekubali kuhamia Fernbank. Anatia sahihi Ijumaa hii. Nyumba tutaipa familia, na wewe umepata amani yako.

Kwa kuwa faili linafungwa, nikuchekeshe kidogo. Bibi alituandikia kwamba alikuwa anakujibu wewe! Eti unampigia hodi kila asubuhi, pigo moja, kumwuliza kama yu hai, naye anakujibu kwamba mzima. Alisema tukuulize, utamtetea. Ofisi nzima tulicheka mpaka chai ikatumwagika. Wazee wa mitaa hii wana mambo.

D. Pilling


12 Tanner Row.
24 Machi 2004

Bibi Hoyle,

Barua hii naitia mwenyewe kwenye tundu la mlango wako. Hatujatambulishwa, niwie radhi kwa hilo.

Aliyekushtaki ni mimi, si Bottomley. Sikuwa napiga hodi. Nilikuwa nakung'uta kiko changu kwenye matofali ya meko. Sikujua desturi yenu, hakuna aliyeniambia, na sikuuliza. Nilidhani unanidhihaki. Pilling alijua ukweli tangu ulipomwandikia na hakuniambia mpaka juzi, akiwa anacheka.

Ulichoniletea nilikitupa. Sasa nadhani ilikuwa keki.

Naona aibu, na si jambo nililolizoea. Tafadhali usitie sahihi Ijumaa. Nitamwandikia Pilling kwamba nafuta malalamiko yote. Usiihame nyumba yako kwa ajili yangu.

L. Peverell


14 Tanner Row.
25 Machi 2004

Bwana Kiko,

Nimekusoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka peke yangu jikoni, kicheko cha kichaa. Miezi yote hiyo najikokota na magoti haya kwenda kujibu majivu! Nilikuwa nakiambia kiko cha mtu kwamba mimi mzima!

Kuhusu kiko, nimekusamehe. Kuhusu kunishtaki pia, maana mtu wa kusini asiyejua kitu huandika barua, ndiyo malezi yenu. Keki nimekusamehe nusu. Sahani ilikuwa ya mama yangu.

Nisichokusamehe ni kile kimya. Leo umesema mwenyewe kwamba hukujua. Lakini Pilling, kwa ujuba wake, alikuja jana na karatasi za Fernbank akanisomea barua yako ili nicheke naye. "Mapazia yake yanafunguliwa mchana. Mtume mtu akamwangalie." Kwa hiyo ulisikia. Ulijua kuna kitu. Ukakaa chini, ukachukua kalamu, ukaiandikia halmashauri! Kutoka mlango wako mpaka wangu kuna kitalu cha maua na kibwengo kisicho na kichwa. Ningekuwa sakafuni nimevunjika nyonga, ningeoza nikingoja stempu yako ifike mjini.

Naondoka Ijumaa. Si kwa ajili ya Pilling, huyo ni inzi wa chooni. Naondoka kwa sababu nimejua ukuta wangu upande wa pili una nani.

Winifred Hoyle


Kitengo cha Tabia za Kero.
17 Mei 2004

YAH: ONYO LA KWANZA NA LA MWISHO

Bwana Peveril,

Tumepokea malalamiko kutoka kwa jirani, ambaye hatumtaji, kwamba unagonga ukuta wa namba 14 kila asubuhi. Jirani anaeleza kwamba unagonga pigo moja, unangoja, kisha unagonga tena, unangoja. Watoto wanaogopa kule kungoja kuliko kugonga.

Kuanzia leo usigonge ukuta kwa sababu yoyote. Ushahidi wa mashine upo. Safari hii tumehesabu kila pigo.

D. Pilling


12 Tanner Row.
20 Mei 2004

Bibi Hoyle,

Nimepewa onyo. Ni karatasi ile ile uliyopewa wewe, ila jina langu wamelikosea. Ningelalamika, lakini nimekuwa mvivu wa kuandika kwa halmashauri.

Kiko nimeacha tangu Pasaka. Nilikuwa nagonga kwa chuma cha makaa. Nilijua hupo, sikuwa nimerukwa na akili. Sikuweza tu kukaa kunywa chai kabla sijagonga, na nikigonga ilibidi ningoje.

Sahani sikuipata. Nililitafuta lile lori la taka mpaka dampo, wakanicheka. Nimenunua nyingine, si nzuri kama ile.

Basi la Fernbank linapita hapa kona Alhamisi. Nakusudia kulipanda na kuja kugonga mlango. Mlango, si ukuta. Sina haki ya kufunguliwa. Nimeona nikuarifu kwanza.

L. Peverell


Fernbank, ghorofa ya tatu.
22 Mei 2004

Bwana Peverell,

Unaniarifu! Mtu wa Mungu, huwezi kuvuka barabara bila kuiandikia barabara?

Huku kuta ni za karatasi. Namsikia jirani akikohoa, naye ananisikia, na hatujui majina yetu. Lifti imeharibika tangu Aprili, kwa hiyo utapanda ngazi, na ninatumaini utahema sana.

Mlango ni wa mwisho kushoto, wenye kibwengo. Sahani mpya usiilete tupu, hata mtu wa kusini anaweza kununua keki.

Gonga. Magoti yangu yanachelewa kufika mlangoni, na siku nyingine hayafiki kabisa. Ukisikia kimya, usiandike barua.

Winifred Hoyle